Kiapo cha Samaki Wenye Meno

Kidevu chake nakijua kuliko ninavyokijua changu. Chini ya mdomo, upande wa kushoto, kulikuwa na kovu ambapo ndevu hazikuota, na kila nilipolikaribia alinikumbusha, "Taratibu hapo, Kinyozi." Nimemnyoa miaka na miaka na hajawahi hata siku moja kuniita kwa jina langu. Basi na mimi lake silitaji. Sote tulimwita Mwenye Duara, kwa kuwa alikuwa na duara la dhahabu kule Nyarugusu, shimo ambalo watu walishuka kwa kamba asubuhi na kupanda jioni wakiwa weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Yeye mwenyewe sikuwahi kusikia ameshuka.

Kibandani kwangu hakuja. Alisema mtu wa hadhi yake hapangi foleni na wauza mpunga. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi nilifunga kibanda, nikabeba mkoba wangu wa mashine, wembe na spiriti, nikaenda nyumbani kwake, ng'ambo ya stendi ya mabasi hapo Kahama. Alikaa kwenye kiti cha ngozi sebuleni, nikamfunga shuka shingoni, akatazama samaki wake mimi nikimnyoa. Alipenda tusiongee mpaka yeye aanze.

Salamu yake ilikuwa ugonjwa. Alisema "marahaba" kabla hujafungua mdomo, hata kwa wazee waliomzidi umri. Siku moja nikafanya makusudi, nikaingia kimya. "Marahaba," akasema. Nikamwambia, mzee, sijakuamkia bado. "Utaniamkia tu," akasema, "nimekurahisishia." Na kweli, Mungu wangu, nikajikuta natamka shikamoo! Nilikasirika njia nzima kurudi kibandani.

Sasa hao samaki. Wengine wakiwa na hela huweka simba wa saruji getini, wengine tausi. Yeye alikwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, akawaona piranha, samaki wala nyama, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja, akasahau macho. Walikuja kwa basi, kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, ndani ya boksi la kubebea vinywaji baridi, na juu ya boksi kondakta kaandika DAWA ili abiria wasiulize. Wadogo tu, wa kukaa kiganjani. Mgongo wa fedha iliyofifia, tumbo jekundu, na taya la chini limetokeza, sura ya mtu aliyenuna tangu azaliwe. Akawajengea tangi la kioo lililochukua ukuta mzima, ukutani pale ambapo kabla yake palikuwa na picha ya harusi yake. Mkewe akahamia Mwanza kwa watoto wao wakubwa na hakurudi. Sisemi ni kwa ajili ya samaki, nasema tu vilifuatana.

Huku kwetu mtu akipata mali haraka watu husema ana ndagu, yaani utajiri wa masharti: labda amekatazwa kuoga, labda amefuga nyoka chini ya kitanda. Samaki wenye meno walipoingia mtaani, kazi ya wasemaji ikawa imekwisha. Bibi mmoja jirani alisema kwa macho yake ameona samaki wanazungumza na Mwenye Duara kwa Kisukuma. Mwingine akasema wanataka kitovu cha mtoto kila mwezi mwandamo. Mtu mwingine angekana. Yeye alifurahi. "Waache waseme," aliniambia, mabega yakimtikisika kwa kicheko chini ya shuka. "Mbwa anakulinda usiku tu. Maneno yananilinda mchana na usiku, na hayali."

Kwa kweli samaki wenyewe walikuwa waoga. Hilo wageni hawakulijua, ila mimi niliyekuwa naingia kila Jumamosi nililiona. Ukiangusha kitana wanakimbilia kona moja, wamejibana, wanatetemeka mapezi. Ukipita na shati jeupe wanajificha nyuma ya jiwe. Siku ya kwanza nilicheka: hawa ndio wanaotisha mji? Mwenye Duara hakupenda kicheko changu. "Njoo Jumamosi ijayo," akasema, "utakuta wamebadilika."

Nikaja. Kulikuwa na wageni, wanunuzi wa dhahabu na wake zao, suti na vitenge vya gharama. Samaki hawakuwa wamelishwa siku kadhaa. Akaleta kifaranga, hai, kinalia, akakiachia majini kwa mikono yake. Sitaki kueleza. Maji yalichemka kidogo, halafu yakatulia, yakabaki manyoya. Mama mmoja alikimbilia nje kutapika. Lakini nilichokiona mimi ni kwamba Mwenye Duara hakutazama tangi kabisa. Alikuwa anatazama nyuso za wageni, moja baada ya nyingine, bila haraka. Alipomaliza akasema, "Watu wanadhani nawalisha hawa. Mimi siwalishi. Nawangojesha."

Neno hilo la kungojesha lilikuwa kazi yake yote. Wachimbaji aliwangojesha mgao wa mawe. Mafundi aliwangojesha getini, juani, halafu anatuma neno kuwa amelala. Mama Neema, mpishi wake, mjane wa watu kutoka Ushirombo, alimngojesha ruhusa ya kwenda kumzika mama yake mpaka mazishi yakapita, halafu akampa ruhusa. Kiangazi bomba zikikauka na majirani wakigombania maji ya kuletwa na punda, yeye alibadilisha maji ya tangi kutoka kisimani kwake, ya zamani akayamwaga barabarani mbele ya akina mama wenye ndoo. Umeme ukikatika, jenereta liliwasha tangi kabla ya kuwasha jokofu la Mama Neema. Nyama inaoza, samaki wana taa.

Lakini usidhani alikuwa jiwe. Hapo ndipo anaponichanganya mpaka leo. Duara likititia na kufukia watu, alikwenda mwenyewe kwa seremala kuchagua mbao za jeneza, akigongagonga kwa vidole asije akauziwa laini. Alilia makaburini, machozi ya kweli, kamasi za kweli, hata padri akaacha kusoma kumtazama. Siku ya tatu alimwita mjane, akamkalisha kiti cha ngozi, akamwambia kwa sauti ya upole kuwa marehemu alikuwa bado hajafikia zamu yake ya mgao. Mjane anashukuru kwa jeneza, anaondoka. Wabeja, mzee, wabeja sana. Nilishuhudia zaidi ya mara moja, wembe mkononi.

Na damu aliiogopa. Si ya kifaranga, yake. Siku moja nilimgusa kidogo hapo kwenye kovu, tone moja tu, kama la mbu. Aliliona kwenye pamba, akawa mweupe midomo, akanishika mkono akaniuliza, "Imekwenda ndani?" Jitu zima! Nikampangusa spiriti, nikampa kioo, akakataa kujitazama. Akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Samaki mmoja alipochanika pezi kwenye jiwe, Mama Neema alimwonyesha bosi wake jioni, akidhani atamtoa. Asubuhi kilibaki kichwa. Mama Neema alilia, maana alikuwa amewazoea. Mwenye Duara akasema, "Kachelewa kupona."

*

Kule machimboni mawe mazuri yakiibiwa, watu huapishwa. Ni desturi ya siku nyingi. Anaitwa mganga, anakuja na kibuyu chake, mnazunguka, kila mmoja anaapa, na mwizi anajulikana au anakimbia. Mwenye Duara alichoka na waganga. Wanakula kuku, wanakunywa pombe, na wachimbaji wajanja siku hizi wanakwenda kwa mganga huyohuyo kabla ya kiapo kujikinga. Basi akaanzisha cha kwake.

Kiapo cha samaki kilikuwa hivi. Unatolewa Nyarugusu na mashahidi, mnapakiwa kwenye gari mpaka Kahama, mnaingizwa sebuleni bila viatu. Kuna beseni la bati, ndani yake maji mekundu mazito yanayoitwa dawa. Unanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Halafu unapanda kigoda, unazamisha mkono ndani ya tangi, unasema, "Kama nimegusa jiwe lisilo langu, nileni." Unauacha mkono hapo mpaka msimamizi wa duara aseme basi. Wengi walikiri palepale mlangoni, wakilia, kabla hata ya kuona tangi. Wengine walizamisha, samaki wakajibana kona yao ya kila siku, mkono ukatoka mzima, wakapiga magoti kushukuru. Kijana mmoja aliyekuwa mbishi wa kudai alitolewa nyama ya kiganja. Akahama mkoa. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuuliza chochote.

Msimamizi aliyesema basi alikuwa Baba Kulwa. Mfupi, mkimya, baba wa mapacha Kulwa na Doto, mkono wake wa kulia mgumu kwa sururu mpaka ukimpa mkono unaona unashika mti. Duara lilipokuwa pori tupu, yeye na Mwenye Duara walilala hema moja. Aliahidiwa sehemu: "Duara likitoa, na wewe ni mwenye duara." Baba Kulwa aliamini ahadi hiyo, na aliwaamini samaki. Kabisa. Aliwaleta watu kwenye tangi kwa moyo mweupe. Nilimsikia akimwambia mchimbaji mmoja aliyetetemeka, "Bhebhe, wewe, unaogopa nini? Samaki hawajui nani mkubwa nani mdogo. Hapa ndipo penye haki peke yake katika machimbo yote haya."

Duara likatoa. Mawe yenye kung'aa, hata asiyejua anajua. Baba Kulwa akamkumbusha bosi wake ile sehemu, kwa adabu, ila mbele ya wachimbaji wengine. Wiki iliyofuata ikatangazwa kwamba gunia la mawe limepotea stoo. Ufunguo alikuwa nao nani? Baba Kulwa.

Ilikuwa Jumamosi yangu. Nilikuwa nimeshafunga mkoba, Mwenye Duara akaniambia nibaki niwe shahidi. Sebule ilijaa. "Hata mimi sitaki kuamini," aliwaambia watu, mkono kifuani. "Waache samaki waseme." Baba Kulwa hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alinawa, akajifuta jasho kwa bega, akapanda kigoda akitabasamu, mtu anayekwenda kuchukua cheti chake. Akazamisha mkono wa kulia. Akaanza maneno. Hakuyamaliza.

Vidole viwili, cha pete na cha kati, vilirudi bila ncha. Nitakachokumbuka hadi naingia kaburini si damu. Ni kwamba hakupiga kelele. Alishuka kwenye kigoda, akaushika mkono kwa mkono, akamgeukia Mwenye Duara na kumuuliza kwa unyenyekevu, akitaka kujua, "Mzee, nimechukua nini?"

Mwenye Duara alikuwa ameshageuza uso ukutani na kuagiza dirisha lifunguliwe. "Unajua mwenyewe," akasema.

Sasa sikiliza ukatili ulivyo na matawi. Baada ya wiki chache Baba Kulwa alikuja kibandani kwangu na bandeji yake. Hakutaka kunyolewa. Alitaka kuhesabu dhambi. Alikuwa haamini kwamba samaki wamekosea, kwa hiyo akawa anatafuta alichoiba. Alipitia maisha yake yote pale kwenye benchi langu. Kipande cha kamba alichofungia mbuzi. Koleo alilokaa nalo likizo nzima ya Krismasi. Mwishowe akakipata. "Kinyozi, ni nguo," akasema, macho yamemtoka. "Miaka yote nimepanda shimoni na vumbi kwenye nguo, nikaenda nazo nyumbani, mke wangu akafua. Vumbi lile lina dhahabu. Maji tukamwaga kwenye migomba yetu. Nimekuwa nikiiba kila siku bila kujua!"

Nikamwambia acha upuuzi, vumbi ni vumbi. Hakunisikia. Alikusanya nguo zake zote za kazi, gunia zima, akampelekea Mwenye Duara kwa magoti. Na Mwenye Duara akazipokea! Mtu mwenye haya angemwambia nenda nyumbani kapumzike. Yeye aliamuru zichomwe, majivu yapelekwe kuoshwa mwaloni, kule wanakochenjulia mawe. Ikatoka punje, kitu cha kukaa juu ya ukucha. Akaizungusha kwa watu kwenye karatasi nyeupe, duara zima likaiona. "Imetoka," alisema. "Samaki hawakukosea."

Tangu hapo Baba Kulwa akawa mwizi aliyethibitishwa. Alihamia Kagongwa, akalima mpunga kwenye shamba la kukodi. Doto alikwenda machimbo matatu kutafuta kazi, kila mahali anaulizwa wewe si mtoto wa yule wa samaki? Ile sehemu ya duara haikutajwa tena na mtu yeyote.

*

Mambo ya dhahabu hayakai. Maji yaliingia duarani, pampu zikashindwa, wachimbaji wakahamia kwingine. Mwenye Duara akapata kisukari na presha kwa pamoja, miguu ikavimba, sebule ikaanza kunuka dawa ya kuchua. Samaki walisahauliwa, na walipokuwa wakisahauliwa walilana. Mama Neema alinihesabia kila Jumamosi: leo wamepungua, leo tena. Akabaki mmoja. Mkubwa, jicho moja limeingia ukungu, anashinda nyuma ya jiwe. Ukiwasha taa anagonga kioo kwa hofu.

Jumamosi ninayotaka kuieleza nilimkuta kwenye kiti kilekile, amekonda, shingo imekuwa nyembamba hata shuka nikalizungusha mara mbili. Mikono yote miwili ikawa ndani. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia alipoanza kucheka mwenyewe. Hakuwa na mtu mwingine wa kumchekea siku hizo.

"Kinyozi, wewe umekuwa ukija hapa miaka yote, na hujawahi kujiuliza kwa nini walimuuma Baba Kulwa?"

Nikasema sijui, mzee. Labda aliiba.

"Aibe nini! Yule hajui hata kudanganya mke. Nilikuwa nimewangojesha wiki nzima. Na beseni, Kinyozi! Beseni! Wale niliotaka wapone walinawa maji na udongo mwekundu. Yeye alinawa udongo na maji yaliyooshewa maini." Akacheka mpaka akakohoa. "Na gunia lilikuwa chini ya kitanda changu."

Nikauondoa wembe usoni kwake. "Na ile punje ya dhahabu?"

"Hiyo ilikuwa kweli!" akasema, na hapo alifurahi zaidi. "Alijiletea mwenyewe. Hata mimi nilishangaa."

"Kwa nini, mzee?"

"Aliniomba mbele ya watu," akasema. "Taratibu hapo."

Kabla sijajibu, mlangoni pakasikika hodi. Mama Neema akaingia na wageni wawili. Mmoja alikuwa mzee aliyevaa koti na kushika kofia mkononi, mshenga kutoka Ushirombo. Wa pili Baba Kulwa, nywele zimeingia mvi, mkono wa kulia mfukoni.

"Mwangaluka, mzee," Baba Kulwa akamwamkia kwa Kisukuma.

"Marahaba," akasema Mwenye Duara.

Baba Kulwa alieleza akiwa amesimama. Kulwa wake alikuwa amechumbiwa. Barua imekuja, ng'ombe wameshaanza kuzungumzwa, halafu ukweni wakasikia. Wametuma neno: hatuwezi kuoa kwa mtu aliyekataliwa na samaki. Binti ana siku kadhaa hali chakula. "Sikuja kulaumu, mzee," akasema. "Nguo nilishazirudisha. Nimekaa miaka bila kugusa cha mtu. Naomba niapishwe tena, huyu mshenga aone. Nikiumwa, basi, nitamwambia mwanangu asahau. Mkono wa kushoto huu hapa."

Niliona uso wa Mwenye Duara kwa karibu, nilikuwa nimeushika. Neno moja lingetosha. Angeweza kusema nenda kamwoze mwanao, hukuiba kitu. Nilihisi kidevu kikijikaza chini ya vidole vyangu, kikawa kigumu, halafu kikatabasamu.

"Samaki amekula, Mama Neema?"

"Hajala tangu juzi, mzee."

"Vizuri. Lete beseni. Weka na yale maji ya jikoni uliyooshea mboga."

Mama Neema akasita; mboga ya siku ile ilikuwa maini. Akatii, maana maisha yake yote ndani ya nyumba ile yalikuwa kutii. Beseni likaja, udongo mwekundu ukatiwa. Mimi hapo nikashindwa. "Baba Kulwa, usinawe!" nikasema. "Hayo ni maji ya maini. Samaki ana njaa. Hivi ndivyo—"

"Kinyozi, nyoa," akasema Mwenye Duara.

"Niache, ndugu yangu," akasema Baba Kulwa, wala hakuwa amekasirika. "Njaa ya samaki na wizi wangu vinahusiana wapi?" Akanawa, mkono mzima na ule uliokatika vidole, mpaka kwenye viwiko. Akapanda kigoda kilekile. Akafumba macho, akazamisha wa kushoto.

Samaki alitoka nyuma ya jiwe. Mama Neema akajifunika uso kwa kanga. Samaki akaja nusu ya njia, taya mbele, akasimama, akauona ule mkono mkubwa mweusi umesimama majini. Kisha akageuka kwa kishindo, akagonga kioo, akajibana kona, akitetemeka. Peke yake hakuwa na ujasiri wa kumuuma mtu. Baba Kulwa alisema maneno yake yote mpaka mwisho, akayarudia, akangoja. Hakuna aliyesema basi. Akafumbua macho mwenyewe na kuutoa mkono ukiwa mzima, akautazama mbele na nyuma, machozi yanamtiririka.

Mshenga akavuta pumzi. Mwenye Duara akamwahi. "Usiharakishe, mzee mwenzangu. Wakati ule walikuwa wengi, wakakubaliana. Huyu ni mmoja, na jicho bovu. Mmoja hawezi kumsafisha mtu waliyemkataa wengi."

Lo! Hata leo nikikumbuka damu inanichemka. Nilimwona Baba Kulwa akishuka kigodani taratibu, na ile nuru ya usoni ikizimika. Akainua mkono wa kulia, ule mbovu, ambao haukuingia tangini na bado ulikuwa na maji ya beseni, ajifute machozi. Ukaishia puani. Akaunusa. Akaunusa tena. Akalitazama beseni, akanitazama mimi, halafu akamtazama Mwenye Duara.

"Maini," akasema.

Akajifuta mkono kwenye suruali, akamsogelea Mwenye Duara.

"Huyu samaki hatoshi kunisafisha, mzee? Sawa. Basi weka na wewe." Hakupaza sauti. "Useme hukuniibia sehemu yangu. Wewe hukunawa humu, mikono yako ni misafi. Ni samaki mmoja tu, mwoga, jicho bovu. Weka hata kidole."

Mwenye Duara alijua kila kitu. Alijua samaki yule angekimbia. Alijua mikononi hana harufu ya nyama, na kwamba kiapo chenyewe alikitunga yeye mwenyewe kwenye kiti hichohicho. Tangi lilikuwa hatua moja kutoka alipokaa. Sote tulitazama shuka langu jeupe, tukingoja mikono itoke. Ilisogea chini ya kitambaa, nikaona vidole vikitafutana, vikashikana, vikajificha katikati ya mapaja.

"Naumwa," akasema.

Mshenga akavaa kofia yake. "Twende, mkwe," akamwambia Baba Kulwa. "Jumapili tunaleta watu."

Wakatoka. Baba Kulwa hakugeuka nyuma. Mama Neema akachukua beseni, lakini hakulirudisha jikoni, alikwenda nalo hadi mlangoni akalimwaga barabarani, palepale alipokuwa bosi wake akimwaga maji ya samaki. Mimi nikafunga wembe. Nikafungua shuka shingoni, nikalikung'uta, nikalikunja, nikaliweka mkobani pamoja na spiriti.

"Kinyozi," akasema. Upande mmoja wa uso ulikuwa laini, wa pili una ndevu za wiki nzima. "Hujamaliza. Unakwenda wapi? Njoo umalize."

"Malizia mwenyewe, mzee," nikamwambia. "Mikono si unayo, tena mizima yote miwili."